Tupeane uzoefu: viatu vilivyoloa na mashine ya kukausha nguo

Mama wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina jambo limenikaa moyoni, na nataka kila aliyepitia aseme lake.

Masika haya yametuloweka. Mwanangu alirudi Jumanne raba zake za michezo zimejaa maji ya mtaro, na kesho yake ana mechi. Kuanika hakuna: ukipanda darini mvua, ukishuka uani mvua. Mie nina vyumba 3 vya wageni, na mwaka juzi nilinunua draya iliyotumika kwa ajili ya mashuka na taulo. Ilivuka kwa boti kutoka Mokowe, mahamali wakaisukuma kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Nikaona hapa ndipo pa kutegemea. Nikazitia raba, nikazungusha kitufe hadi joto la juu kabisa, dakika 40. Zikawa zinagonga mle ndani gubu, gubu, mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini.

Nilipofungua zilikuwa zimekauka kweli. Lakini soli ya mguu wa kulia imeachama kutoka kidoleni hadi katikati, gundi inavutika kama ulimbo, na ncha imepinda juu kama omo la jahazi. Mtoto alikitazama kiatu, akanitazama mimi, hakusema neno.

Kuna aliyekausha viatu kwa draya vikabaki vizima? Alifanyaje? Na aliyeharibu aseme pia, tujue.

Dada wa Casuarina, Malindi

Wa alaikum salaam mama, pole sana. Nafua kwenye nyumba za wageni huku Casuarina, mwaka wa 9 sasa. Wageni wanakimbia ufukweni asubuhi, wanarudi raba zinachuruzika, na jioni wanazitaka. Nami mwanzoni niliharibu pea moja ya mgeni, nikailipa kwa mshahara wangu. Tangu hapo kiatu changu hakirushwi ndani ya pipa la draya lile linalozunguka. Kinatundikwa.

Natoa soli ya ndani, naikausha peke yake kwa feni. Ulimi nauvuta mbele ili kiatu kiwe wazi. Kisha nafunga kamba za viatu viwili pamoja, fundo moja la nguvu, na kuvining'iniza upande wa ndani wa mlango, soli zikilala kwenye mlango. Fundo libaki nje kwa juu, nafunga mlango ubane kamba. Kabla ya kuwasha navuta fundo kidogo kuona kama limeshika, maana likichomoka utasikia ile gubu gubu yako. Pipa linazunguka peke yake, viatu vimetulia, upepo unapita.

Joto nazima, naacha hewa tupu. Kama mashine haina hewa tupu, basi joto la chini kabisa. Kila dakika 20 nafungua na kutia vidole mpaka ndani kabisa kwenye ncha, kwa sababu maji hujificha pale hata nje pakiwa pakavu. Raba nzito huchukua saa nzima na zaidi. Ule unyevu wa mwisho naachia feni.

Na kabla ya yote, soma lebo, mara nyingi iko chini ya ulimi. Mraba wenye duara ndani ndiyo alama ya draya. Nukta moja ni joto dogo, mbili ni joto la kawaida. Alama ikikatwa msalaba, usijaribu. Viatu vya ngozi, vya suedi, vyenye jeli au mifuko ya hewa kwenye soli, na makubadhi ya shanga, hivyo mimi sivigusishi mashine hata nikiombwa.

Nahodha wa Shela

Sisi wa mashua tunasumbuliwa na chumvi kuliko mvua. Nilikuwa naanika raba siku nzima, jioni kavu, alfajiri nikivaa naona zina ubaridi tena. Nikadhani umande. Kumbe ni chumvi iliyobaki kwenye kitambaa, inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya kwetu huku mnaijua. Draya haiwezi kuitoa hiyo.

Siku hizi nazizamisha kwenye ndoo ya maji baridi, nabadilisha mara 3, kisha nayaonja yale ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na ladha, narudia. Baada ya hapo naziweka darini kivulini, midomo ikiuelekea upepo wa kusi. Kusi hukausha kiatu vizuri bila kukiunguza.

Fundi viatu, Malindi mjini

Mama, hicho kiatu usikitupe.

Nikwambie kwa nini kiliachama. Mimi nikitaka kubandua soli nzima niweke mpya, siivuti kwa nguvu. Naipasha joto mpaka gundi ilegee, halafu kisu kinapita chenyewe. Draya yenye moto mwingi inafanya vile vile, na kule kugonga kunamalizia kubandua. Soli iliyofunguka ina dawa: nakwangua gundi ya zamani kwa msasa, napaka mpya, inabanwa mpaka ishike, kisha nashona kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Kisicho na dawa ni sponji ya katikati. Ikipata moto hunywea, na kiatu kinabana mguu au kinapinda. Ngozi nayo ikikaushwa kwa haraka hukakamaa na kupasuka pale kidole kinapokunja.

Lakini msivifungie ndani vikiwa na majimaji kwa kuogopa joto. Mwalimu mmoja aliniletea viatu vya Idi alivyovihifadhi kwenye boksi miaka kadhaa. Hatua ya kwanza tu soli zikamong'onyoka kama andazi kavu. Kuna aina ya soli ambayo unyevu huila polepole, hata bila kuvaliwa. Vitoeni, vipate hewa.

Bi Maweni, Malindi

Naomba hili lisipite hivi hivi, kwa sababu nusura nipoteze nyumba.

Nilitia kandambili za sponji pamoja na zulia la bafuni lenye mpira chini, joto kamili, nikatoka kumchukua mjukuu madrasa. Nikiwa bado barabarani nikasikia harufu ya mpira unaoungua, sikujua inatoka kwangu. Kufika, sebule imejaa moshi. Alhamdulillahi, haukuwaka moto. Baadaye ndipo nikasomewa kijitabu cha mashine: sponji ya mpira na vitu vyenye mpira visikaushwe kwa joto, vinaweza kushika moto vyenyewe. Na chujio la nyuzi nililikuta limejaa, wakati linatakiwa kusafishwa kila unapokausha.

Tena jamani, kuna wanaofuta viatu kwa petroli au tina ya kuyeyushia rangi, kutoa rangi na grisi. Kiatu hicho kisiingie kwenye mashine kamwe, hata kwa joto dogo, mvuke wake unalipuka. Na mashine ikiwa inafanya kazi, kaa nyumbani, usilale.

Kijana wa Mkomani, Lamu

Shikamooni. Kwetu hakuna draya. Nasokota magazeti, najaza kiatu mpaka ncha, nageuza na kuegemeza ukutani mbele ya feni ya mezani. Baada ya saa moja magazeti yameloa, naweka mengine. Mara 3 kabla ya kulala, asubuhi navaa. Feni yenyewe haifiki wati 100, wakati draya nyingi za moto hula kilowati 2 hadi 3. Tokeni za umeme zikiisha saa tano usiku mtanielewa.

Mama wa Langoni, Lamu

Marahaba mwanangu, na nyote Mungu awalipe.

Jana nimejaribu kwa raba za binti yangu. Kwanza ndoo 3 kama alivyosema kaka nahodha, maji ya kwanza yalitoka ya rangi ya matope. Kisha nikazitundika mlangoni, hewa tupu. Mara ya kwanza fundo lilichomoka, nikalifunga upya. Nikakaa pale pale kwenye kigoda nikichambua mchele. Saa 1 na dakika 10, nje kavu, ndani ya ncha bado pana ubaridi, nikamalizia kwa magazeti na feni. Leo amezivaa, soli haijatingishika.

Fundi, kesho kuna kijana wetu anapanda basi Mokowe kuja Malindi. Nimpe ile ya kulia akuletee?

Fundi viatu, Malindi mjini

Mpe zote mbili, mama. Zilipata joto moja. Ya kushoto nayo nataka niikunje nione gundi imeshika vipi.