Ruta inanirusha kwenye kurasa za kubeti, inatibika au niitupe?

Mpangaji_Tabata: Wakuu habari za jioni. Nina ruta niliichukua Kariakoo, mtumba, mwaka wa pili huu inapiga kazi vizuri tu. Tangu wiki iliyopita kila mtu humu ndani akifungua gazeti anatupwa kwenye kurasa za kubeti, mwanzo nikajua ni simu ya dogo maana yule anagusa kila kitu, nikaiflashi, wapi. Tukizima wifi tukatumia bando la simu shida hakuna. Fundi wa mtaani aliniambia zima uwashe, nimezima nimewasha mpaka kidole kinauma, leo anasema ruta ina virusi nimpe elfu hamsini aniletee nyingine. Kwani ruta nayo inaingia virusi jamani au nataka kupigwa?

Chumvi_Kijiko: Kwenye virusi hajakudanganya mkuu. Ruta ni kompyuta ndogo, ndani ina programu yake inaitwa femwea na ina matundu kama programu nyingine, ila simu yako inakudai apdeti kila siku wakati ruta imekaa kimya juu ya kabati miaka mitano hakuna anayeikumbuka. Andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye brauza (anwani iko kwenye stika ya chini), ingia utafute DNS. DNS ndiyo inayoielekeza brauza tovuti iko wapi, ni kama yule kijana wa stendi unayemuuliza gari la Mbagala liko wapi, akishahongwa anakupandisha la Gongo la Mboto na wewe umetulia siti ya dirishani.

Mpangaji_Tabata: Nimeingia. Kwanza paswedi ni admin admin tangu nainunua, msinicheke. DNS kuna namba mbili sijaziweka mimi, nimefuta nikaweka 8.8.8.8 ya Google na matangazo yamekata hapohapo!! Asanteni sana, nadhani tumemaliza

Bibi_Seva: Hujamaliza mwanangu. Aliyezibadilisha kwa tundu lile lile atazibadilisha tena kesho. Mwaka 2018 kulikuwa na virusi vya ruta vinaitwa VPNFilter, watafiti wa usalama wa Cisco Talos walihesabu ruta na vifaa vingine kama 500,000 kwenye nchi 54, FBI wakaomba watu wazime na kuwasha, lakini kipande cha kwanza cha yule mdudu kilikuwa kinabaki hata ukizima, mpaka uriseti kabisa. Ndio zima uwashe ya fundi wako hiyo. Fanya hivi: pakua femwea mpya kutoka tovuti ya kampuni yenyewe kwa bando la simu, sio kwa hiyo ruta, chomoa waya wa intaneti, bonyeza kile kitufe cha riseti kwa pini mpaka taa ziwake zote, weka femwea kwa laptopu kupitia kebo, badilisha paswedi ya kuingilia ruta (sio ya wifi tu, watu wanachanganya hapa), zima WPS (ile ya kuunganisha wifi kwa kitufe au PIN) na ile ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta kutoka nje. Ndio urudishe waya.

Kata_Umeme: Kabla ya kugusa apdeti, umeme wa kwenu unaaminika? Sitanii. Mimi yangu ilifika asilimia sitini umeme ukaondoka, uliporudi ni taa moja nyekundu mpaka leo, watoto wanaichezea. Ukiwa na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hata ya kuazima chomeka, la sivyo subiri usiku wa manane. Na angalia stika kwa makini pale palipoandikwa V1, V2, yaani toleo, jina linaweza kuwa moja ila ndani ni vitu viwili tofauti, ukiweka femwea ya mwenzake umeua.

Shemeji_Fremu: Na sisi tuliopewa ruta na kampuni ya intaneti? Yangu sehemu ya apdeti imefungwa

Bibi_Seva: Hiyo apdeti wanazisukuma wao wenyewe kutoka kwao shemeji, wapigie uwaulize ya mwisho ilikuwa lini na usikubali jibu la "iko sawa". Paswedi hata hivyo badilisha.

Mpangaji_Tabata: Wakuu nimeenda kwenye tovuti, yangu ni V1, femwea ya mwisho ni ya 2015 na ndio hiyo hiyo iliyomo

Chumvi_Kijiko: Basi hiyo imeshastaafu, tundu likitoka leo hakuna wa kuliziba. Mei 2025 FBI walitoa onyo kuhusu ruta za hivi hivi, kwenye orodha kuna Linksys E1200 na E2500, wahuni wanaziteka halafu wanauza njia, mtu wa mbali anafanya uhalifu wake unaonekana umetoka sebuleni kwako. Angalia kama OpenWrt (femwea ya bure isiyo ya kampuni) wanaisapoti, ila zile ndogo za zamani kumbukumbu yake haitoshi. Mimi ningenunua nyingine, hata ya bei ndogo, bora uhakikishe kwanza kwenye tovuti kwamba bado inapata apdeti.

Kata_Umeme: Ya fundi ni modeli gani? Uliza kabla hujatoa hela

Mpangaji_Tabata: Kanitumia picha ya stika sasa hivi. Ni hii hii yangu. V1. 😭