Tupeane uzoefu: fundi umeme wako mjini ulimpataje?

Wakuu, habari zenu. Nimehamia jiji kubwa la pwani, nyumba inatazama bahari. Umeme ukawa unakatika kwangu peke yangu, tena usiku tu. Nikampigia fundi ambaye namba yake ilibandikwa kwenye nguzo. Akaja na bisibisi na testa ya kupimia umeme, basi. Dakika kumi kamaliza, umeme haukatiki tena, nikamshukuru sana. Wiki iliyofuata nikashika reli ya kibaraza usiku, ikanirusha. Jamaa mmoja aliyesomea umeme akafunua boksi, akacheka kwa uchungu. Ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja miliampia 30, ilikuwa imerukwa. Waya umeungwa moja kwa moja. Yaani mbwa anabweka, fundi kamfunga mdomo mbwa, mwizi yumo ndani.

Nyie mliwapataje mafundi wenu?

Mpangaji wa ghorofa ya tatu
Muulize mlinzi wa jengo. Usimuulize fundi gani hodari, muulize fundi gani huitwa mara ya pili. Mlinzi anawaona wote wakiingia na kutoka.

Mama wa mapacha
Pole mkuu. Mimi nilipitia watatu. Breka ilikuwa inaanguka, yaani inajizima, kila nikiwasha hita ya maji na pasi kwa pamoja. Wa kwanza, fundi maiko kabisa, yaani wa kubahatisha, akatoa breka ya ampia 20 akaweka ya 40. "Sasa haitakusumbua." Kweli haikunisumbua, ila soketi ikaanza kunuka, kisha ikayeyuka. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, na kazi ya breka ni kuulinda huo waya. Ukiikuza breka bila kubadili waya, kinachoanza kuungua ni waya.

Wa pili hata hakufungua soketi. Akatazama dari, akasema nyumba nzima isukwe upya.

Wa tatu nilielekezwa na muuzaji wa vifaa vya umeme, kwa sababu yule huwajua wanaorudisha mali mbovu na wanaorudi kununua. Huyo alizima main swichi, akapima kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akafungua. Skrubu imelegea, shaba imeota kutu ya kijani. Alinieleza kuwa hewa ya chumvi hula viungo, na kiungo kibovu huzaa joto. Akakata waya hadi penye shaba safi, akafunga soketi mpya, akarudisha breka ya 20, hita akaivutia laini yake. Watoto wangu bado wanamwita "babu wa mita".

Niko fundi
Naomba niseme kidogo kwa upande wetu, maana vishoka, hawa mafundi bandia, wanatuharibia jina. Mteja anapiga simu saa nne usiku, "njoo, umeme umekatika", halafu simu inazimwa. Piga picha ya boksi la breka, nitumie. Niambie nini kilikuwa kimewashwa, na kama mvua ilinyesha. Nusu ya kazi imeisha hapo.

Na waya ukinunua mwenyewe, ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Pwani haifai, unyevu wenye chumvi ukikuta metali hizo mbili zimegusana, kutu inakimbia. Boksi la nje liwe la kuzuia maji, lenye alama ya kinga ya vumbi na maji ya IP65 hivi, na tundu la waya lizibwe.

Mzee wa leseni
Mnasahau leseni? Ingawa mimi iliniponza. Mwenye leseni alikuja, akaonyesha karatasi, akanywa maji, akaondoka. Kazi akafanya saidia fundi ambaye hajui ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ni upi. Siku hizi nauliza kabisa: unakuja mwenyewe, au unatuma mtu?

Mwenye uzi
Wakuu, mrejesho. Mlinzi alinipa fundi anayekaa mitaa miwili kutoka hapa. Nikamtumia picha kama nilivyoelekezwa. Swali lake la kwanza: "Usiku huwa unawasha taa gani ambayo mchana huiwashi?" Nikabaki kimya. Taa ya kibarazani!

Kaifungua mbele yangu, maji yakamwagika, ndani chumvi imeganda nyeupe. Umeme ulikuwa unavujia kwenye reli, na waya wa ethi umelika ukakatika. Kaitoa taa yote, kavuta ethi mpya, karudisha breka ya kitufe mahali pake, kaibonyeza, ikaanguka palepale. Kasema niwe naibonyeza mara kwa mara. Taa ya kuzuia maji analeta kesho, kwa hiyo leo kibarazani ni giza. Reli nimeishika, kwa kidole kimoja kwanza.