Filamu yangu inauzwa shilingi 500 Mbagala, na kila ninayemlalamikia ananiambia "ni matumizi binafsi"

Wakuu, heshima zenu. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za "bongo muvi imekufa". Nina jambo langu mahususi na nina hasira nalo.

Jumamosi nilikwenda Mbagala kumwona shangazi. Pale Rangi Tatu nikapita kwenye kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na simu. Meza moja, kompyuta ya zamani, spika inakoroma, wateja wanne wamesimama. Nikamuuliza, mdogo wangu, una za Kibongo mpya? Akafungua folda, akateremsha, nikaona jina la filamu yangu. Na bango langu, ile picha tuliyopiga alfajiri Kigamboni, pantoni inatoka nyuma ya mhusika mkuu.

"Hiyo kali mama, mia tano tu."

Nikamwomba aifungue, aisogeze mpaka dakika ya 41. Kuna tukio pale, mama anagombana na mwanawe jikoni. Kwenye nakala ya mwisho jikoni ni safi. Kwenye nakala ya kwanza kulikuwa na kivuli cha maiki ukutani, juu ya kabati la vyombo. Mhariri wetu alikesha siku mbili kukitoa. Pale kibandani, kivuli kilikuwepo. Miguu ilinilegea nikashika meza. Nakala yenye kivuli niliipeleka mahali pamoja tu, kituo kimoja cha televisheni hapa mjini, waitazame waamue kama watainunua. Walijibu kwamba ratiba yao imejaa. Sikitaji kituo kwa sababu sijui ni mkono wa nani humo ndani uliochomoa faili, lakini mwenye mkono huo anajijua.

Nikamwambia kijana, hii kazi ni yangu. Hakukimbia, hakunitukana. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mimi siuzi muvi. Mimi nachaji huduma ya kuingiza. Mteja anaenda kutazama kwake na familia yake. Hayo ni matumizi binafsi, sheria inaruhusu."

Jumatatu nikaenda polisi. Afisa akaniuliza cheti cha usajili kiko wapi, nikatoa. Akakisoma, akakirudisha, akasema: "Dada yangu, hawa vijana wanatafuta riziki, na watu wanatazama majumbani kwao. Hayo si matumizi binafsi?"

Mara ya pili ndani ya siku tatu. Basi nikarudi nyumbani nikaichapa sheria yenyewe nikakaa nayo usiku mzima, na nawaandikia nilichokielewa, maana naona nusu ya mji huu inaishi kwa maneno mawili ambayo hakuna aliyeyasoma mpaka mwisho.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Kifungu cha 12 kinaorodhesha mambo unayoweza kufanya na kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa wala kumlipa. Kunakili kwa matumizi binafsi kumo. Lakini kinachosemwa ni matumizi binafsi ya yule anayenakili mwenyewe, na yawe hayo peke yake, tena kwa kazi iliyokwisha kutolewa hadharani kihalali. Umenunua filamu yangu, ukaihamishia kwenye simu yako uitazame ndani ya mwendokasi, hiyo ni haki yako na sina ugomvi nawe. Kijana wa kibandani yeye ananakili kwa matumizi ya nani? Ananakili kwa ajili ya kila anayepita na mia tano, kuanzia asubuhi mpaka saa nne usiku. Matumizi ya mteja hayawezi kuazimwa na muuzaji yakawa yake. Na nakala yenye kivuli cha maiki sijaitoa hadharani hata siku moja, kwa hiyo hata huo mlango umefungwa.

Halafu hili la "cheti kiko wapi". Kusajili ni vizuri, kunasaidia kwenye ushahidi, na mimi nimesajili. Ila sheria hiyohiyo inasema kazi inalindwa kwa sababu imetungwa, basi. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu 1994 na huo nao hauruhusu haki ya mtunzi kutegemea makaratasi. Nimekutana na watayarishaji wadogo Sinza na Tandale ambao wameibiwa wakanyamaza kwa kuamini kwamba bila cheti hawana haki. Mnayo. Filamu inalindwa miaka 50.

Sasa mtandaoni. Mtu kaipandisha filamu yangu nzima kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video. Nimeigundua kwa sababu ya daladala. Kuna tukio gari la Mbagala–Kariakoo linapita mbele ya kamera, na kwenye video yake maandishi ya ubavuni yanasomeka kinyumenyume. Kaigeuza picha nzima kulia kuwa kushoto, ili mitambo inayotafuta video zinazofanana isiitambue. Mtu anayeamini kwamba yuko ndani ya haki yake hageuzi picha. Nikapeleka malalamiko, ikaondolewa. Baada ya siku mbili akapeleka pingamizi kwamba anachofanya ni "matumizi ya haki", yaani ule msamaha wa kisheria wa kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake, eti ni elimu kwa jamii.

Hapa ndipo nilipochoka. Mtandao ule unafuata sheria ya Marekani ya hakimiliki za kidijitali (DMCA) ya 1998, na kwa utaratibu wake, mtu akipeleka pingamizi, mlalamikaji asipoonyesha kwamba amefungua kesi, video inarudishwa ndani ya siku za kazi 10 hadi 14. Mwizi anajaza fomu akiwa kitandani. Mimi natakiwa nitafute wakili. Na hata huko Marekani, ambako msamaha huo ni mpana kuliko wetu, mahakama inapima umechukua kiasi gani cha kazi na umeliumiza vipi soko la mwenyewe. Yeye kachukua dakika 97 zote, na chini kaandika namba ya kulipia kikundi cha Telegram.

Tusielewane vibaya, sitaki misamaha ifutwe. Kuna mwalimu wa sekondari Temeke aliwaonyesha wanafunzi wake kipande cha dakika kumi akiwafundisha namna mazungumzo yanavyojenga mhusika. Aliponipigia kuniambia nililia kwa furaha. Kuna kijana anachambua filamu, alikata vipande vifupi vya filamu yangu, akataja jina la filamu na langu, akanisema vibaya kweli sehemu ya mwisho. Hiyo ni nukuu, kifungu cha 12 kinamlinda, na nitamtetea. Misamaha iliandikwa kwa ajili ya watu hawa. Kila mwizi anapojifunika nayo anaichafua, na siku watunga sheria wakichoka nayo, atakayeumia ni yule mwalimu.

Na wenye vibanda umiza, zile kumbi za mtaani za kutazama video kwa kiingilio, pia. Kulipia king'amuzi cha nyumbani kisha ukakiweka ukumbini na kukusanya mia tano za watu arobaini, hapo hakuna nyumbani wala binafsi.

Sheria zipo, tena kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24: ukivunja hakimiliki kwa njia ya kompyuta kibiashara, faini haipungui milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5. Stempu za kodi za kubandika kwenye CD na DVD zilikuja 2013, lakini watu wamehamia kwenye flashi na faili halina mahali pa kubandika stempu. Yule kijana wa Rangi Tatu hajawahi kuona mtu wa mtaani kwake akishtakiwa. Afisa aliyenipokea hakuwa mkorofi, alikuwa hajui, na mimi ndiye ninayelipia kutojua kwake.

Filamu hii ni siku 19 za kupiga picha, watu 14, jenereta ya kukodi, na mkopo wa kikoba ambao mpaka leo wanawake wenzangu wananidai kwa upole unaoniumiza kuliko matusi.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema "tengenezeni kazi nzuri kwanza ndiyo mlalamike", kama ni mbaya mbona ina foleni kibandani? Na wewe uliyesema maisha magumu watu hawana hela ya kununua, mteja wa Rangi Tatu analipa. Mia tano inatoka kila siku, haifiki kwangu tu.

Kwa wengine, nahitaji msaada wa kweli. Kama kuna aliyewahi kufungua kesi ya hakimiliki ya filamu hapa Dar, ya madai au jinai, aniambie alianza na mahakama ipi, ushahidi wa nakala ulipokelewaje, na wakili alimchaji kiasi gani. Siku zangu za kujibu lile pingamizi zinaisha Ijumaa ijayo. Ile nakala yenye kivuli nimeinunua mwenyewe kwa mia tano, iko kwenye flashi ndani ya bahasha. Kijana nilimwomba aniandikie risiti ya mkono, akaandika: "muvi 1".