Tupeane uzoefu: kupima programu za simu pamoja na viziwi

Assalaam aleikum. Wanaopima programu za simu na viziwi, Unguja na Pemba, leteni mbinu zinazofaa na zinazoharibu kipimo.

Naanza na kikao. Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania akae kando ya mpimaji, uso kwa uso na kiziwi. Asikae mtu na dirisha mgongoni, atabaki kivuli kitupu. Kamera mbili: moja ya kioo cha simu, moja ya mikono pamoja na uso. Uso ukikatwa, swali na ukanushi vinapotea, kwani vimo kwenye nyusi na kichwa.

Mpimaji wa Chake
Kile kipimo cha “sema unachofikiri huku unatumia” hakifai kabisa. Mikono inayobonyeza ndiyo hiyo hiyo inayoongea. Mwacheni amalize kazi, kisha mtazame video pamoja, msimamishe kila alipokwama na kuuliza. Maelekezo ya kazi yarekodiwe kwa alama mara moja, wote waone yale yale. Yakiandikwa kwa Kiswahili, mnapima usomaji wake badala ya programu.

Bi Takwimu
Dodoso la SUS (System Usability Scale) la John Brooke (1986), linalopima wepesi wa kutumia programu, lina sentensi 10, alama 1 hadi 5. Za witiri toa 1, za shufwa toa jibu kutoka 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Wastani unaotajwa sana ni 68 kati ya 100. Tatizo ni sentensi za shufwa: zimegeuzwa kuwa za kulalamika, na asiyezoea maandishi hujibu kinyume bila kujua. Ziashiriwe kwa video, na atakayejaza 5 mstari mzima aulizwe tena.

Maalim wa Mkunazini
Kabla ya kumwita mtu, kagueni haya: namba ya uthibitisho isiletwe kwa simu ya sauti pekee, msaada uwe na ujumbe au video, kosa lioneshwe kwa maandishi na mtetemo, si mlio tu. Na ile kauli kwamba watumiaji 5 wanatosha kuonesha kasoro nyingi za programu isiwadanganye. Aliyezaliwa kiziwi na aliyepoteza usikivu ukubwani ni makundi mawili, kila moja litafutiwe watu wake.

Mpimaji wa Chake
Nyongeza ya ridhaa, Maalim. Video ya alama haifichiki: ukiziba uso, umefuta maneno. Pemba watu wanajuana, basi kabla ya kamera kuwashwa aambiwe kwa alama nani ataitazama na itafutwa lini.