Tungule (nyanya) za roshani zinapukutisha maua, nisaidieni

Bi Roshani: Assalaam alaykum jamani. Nakaa Michenzani, Unguja mjini, ghorofa ya tatu, na mama yangu. Mama katoka Pemba mwaka jana kwa matibabu, na tangu aje hana raha. Mtu aliyezoea kuamkia kondeni, hapa anaamkia ukuta. Nikampangia roshanini ndoo tano za lita 20: tungule mbili, biringani, pilipili na mchicha, na kibeseni cha kotmiri. Tulipanda Novemba, mvua za vuli, zikaanza vizuri mno, mama akawa anazisemesha kama watoto.

Sasa ni Februari. Tungule zinatoa maua, siku mbili tatu nayaokota sakafuni, vikonyo vimekuwa vya manjano. Ncha za majani ya pilipili zimekauka kama zilizopitishwa motoni. Namwagilia asubuhi na jioni, mbolea ya ng'ombe nimeongeza mara mbili. Kila siku mama ananiuliza "hazijashika?" na sina la kumjibu. Nifanyeje?

Kijana wa Wete: Wa alaykum salaam dada, mpe pole mama. Hilo ni joto la kaskazi. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku usipopoa, chavua ya tungule inakosa nguvu na ua linaanguka. Tena zege linashika jua kutwa na usiku linaendelea kutoa vukuto. Tundika kanga kuukuu kuanzia saa sita hadi saa tisa. Mbolea acha kabisa, ikizidi mti unakwenda majani tu.

Mama wa Kiembesamaki: Joto kweli lipo, lakini ncha kuungua vile ni jambo jengine. Mwanangu, maji ya kumwagilia unayatoa wapi? Na udongo umeuchanganya na nini?

Bi Roshani: Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, tunayaweka ya kupikia. Ya mimea nanunua madumu ya kisima. Udongo ni kinongo chekundu alichoniletea shemeji kutoka shamba, na mbolea, na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, ili ndoo zisiwe nzito kupandisha ngazi. Usumba nilipewa na bibi mmoja anayesokota kamba.

Mama wa Kiembesamaki: Hapo hapo. Usumba wa kamba makumbi yake yamefukiwa pwani miezi, yamekunywa bahari. Na visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi. Katazame ukingo wa ndoo ndani, kama pana ukoko mweupe uonje kwa ulimi.

Bi Roshani: Nimetoka huko sasa hivi. Upo, umezunguka ndoo nzima juu ya udongo, mweupe kama sukari ya unga. Nimelamba, chumvi tupu. Mama naye kalamba, kasema "ndiyo maana". Nikaiinamisha ndoo: chini nilitoboa tundu mbili, moja imezibwa na mizizi.

Mama wa Kiembesamaki: Basi kila ukimwagilia maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Ukiongeza mbolea unaongeza chumvi nyengine. Toboa tundu sita au nane ubavuni, karibu na kitako, kwa msumari wa moto. Ingiza ndoo chooni moja moja, mimina taratibu maji matamu lita 40 kwa kila ndoo, yatoke yote chini. Ni maji mengi najua, kwa hiyo anza na zile mnazozipenda. Rudia baada ya wiki. Baadaye tumia maji ya kuoshea mchele, na kama kuna jirani mwenye kiyoyozi muombe yale yanayodondoka nje, hayana chumvi hata chembe. Masika yakiingia kinga mvua. Mchicha huo utavumilia, maharage usijaribu kabisa, hayaiwezi chumvi.

Mzee wa Kikwajuni: Binti yangu, ndoo moja ya udongo uliolowa haipungui kilo 25. Majumba hayo ni ya tangu enzi ya Mzee Karume. Zisogeze zote ukutani, usizipange ukingoni. Na visahani vya chini vimwage kila siku, mbu wanazaliana humo, na maji yasimdondokee wa chini kaanika nguo.

Kijana wa Wete: Mama kaona mbali, mimi chumvi sikuifikiria. Dada, ua likifunguka asubuhi litikise kikonyo kwa kidole, roshanini upepo hauingii kama shamba. Na tungule kubwa zisubirie kusi, Juni hivi, sasa panda zile ndogo ndogo, zinastahamili joto zaidi. Masika majani yake yasipigwe na mvua, ukungu unayamaliza.

Bi Roshani: Nimerudi baada ya wiki tatu. Tungule moja imekufa, biringani bado inasuasua. Lakini pilipili imetoa majani mapya, ncha zake nzima, kijani kibichi. Jirani wa juu ana kiyoyozi, anatujazia dumu nzima kila siku mbili, Mungu ambariki. Na tungule iliyobaki imeshika moja. Ni kama punje ya mbaazi, bado ina ua lililokauka kwenye ncha. Mama ndiye aliyeiona kwanza. Ameufungia mti kijiti kwa utepe wa kanga na haruhusu mtu mwengine kumwagilia ndoo ile.