Naombeni ushauri: uji wa oti na matunda unanishinda

Habari za asubuhi wapendwa. Nipo Njombe, na wenye kuijua Njombe ya Juni na Julai hawahitaji maelezo. Asubuhi hata maji ya bomba yanauma vidole. Wanangu wawili wanatoka saa kumi na mbili na nusu kwenda shule, nataka watoke na kitu cha moto tumboni. Chai na mkate wamechoka.

Nimenunua oti zile bapa za paketi. Napika kikombe 1 kwa maji vikombe 2, yakichemka naongeza maziwa nusu kikombe, kisha matunda. Ndizi mbivu haina shida, inaleta utamu hata sukari siweki. Ila juzi nilitia plamu, si unajua huku zinavyojaa kwenye msimu, nilikuwa nimezigandisha kwenye friji. Maziwa yakakatika palepale! Mama mkwe akachungulia sufuria akaniuliza kama napika mtindi.

Nadhani ni ule uchachu. Je, nipike plamu pembeni na sukari kidogo halafu nimwagie juu wakati wa kula? Au niache maziwa kabisa, nitumie tui la nazi? Na matufaha mnayatia mwanzoni yalainike, au mnayakaanga kwanza na mdalasini?

Jingine: ukipoa dakika kumi tu unakuwa gundi. Mkubwa anaula, mdogo anautazama tu. Waliozoea kuupika, mnafanyaje?