Tangi la mimea kwenye baridi la Njombe: hita ya wati ngapi?

Baridi_Kali:
Habari wakuu. Nina tangi la kioo la sentimita 80 × 35 × 40, bado tupu. Nataka mimea hai, samaki aina ya neoni tetra 12 na koridora 6 wale wa madoa (Corydoras paleatus). Nipo Njombe, mwezi wa saba sebuleni asubuhi kipimajoto kinasoma 14 au 15. Dukani wanasema hita ya wati 50 inatosha. Ni kweli? Inakaa wapi? Na nianze na kipi kati ya hita, mimea na samaki?

Fundi_Vioo:
Haitoshi, mkuu. Tangi lako kwa vipimo ni lita 112, ila ukiondoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, maji yenyewe ni lita 90 hivi. Ile kanuni ya wati moja kwa lita ni ya nyumba yenye digrii 18 hadi 20. Samaki uliowachagua wanapatana kwenye 23: neoni anapenda 21 hadi 25, paleatus hapendi kuzidi 23 au 24. Kutoka 14 hadi 23 ni digrii tisa, kwa hiyo piga wati moja na nusu kwa lita. Inakuja 135. Chukua hita mbili za wati 75, usichukue moja ya 150.

Hapo kwenye mbili nasisitiza, maana ndipo samaki wengi wanapofia. Themostati (kile kifaa kinachowasha na kuzima hita) ikizeeka, kontakti zake huungua kwa cheche na kugandana, hita inabaki inawaka. Wati 150 kwenye lita 90 zinaweza kupandisha karibu digrii moja na nusu kila saa. Ukilala saa nne usiku, alfajiri unakuta samaki wanahema juu ya maji au wamekwisha. Ikigandana ya wati 75, mwenzake inajizima, na hiyo moja kwenye chumba cha baridi haina nguvu ya kuchemsha tangi. Ikifa moja, nyingine inafanya maji yapoe polepole, nawe unapata muda wa kununua mpya.

Zilaze chini ukutani mwa nyuma, moja karibu na mdomo wa filta ili maji ya moto yasambazwe. Zisiguse mchanga: sehemu iliyofukiwa hupata joto kupita kiasi na kioo chake hupasuka. Kipimajoto weka upande wa pili wa tangi, na kiamini hicho kuliko namba za kwenye kitufe cha hita, ambazo huweza kudanganya kwa digrii mbili. Ukishajaza maji, subiri nusu saa ndipo uchomeke. Waya uninginie chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone likiteremka lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye plagi.

Soma pia maandishi ya kwenye hita. Zipo za volti 110 zinazoingia na mizigo ya mitumba. Kwenye umeme wetu hiyo huvuta zaidi ya mara nne ya wati zake, na hupasuka.

Anubiasi:
Naongezea upande wa mimea. Mchanga wa mtoni, punje za milimita 1 hadi 3, uoshe kwenye karai mpaka maji yatoke safi. Tia kijiko cha siki: ukitoa povu una chokaa, tafuta mwingine. Chini weka sentimita 2 za udongo uliochekechwa, juu yake sentimita 4 za mchanga. Udongo wa shamba la viazi usiuguse, mbolea ya DAP na ya kuku zitajaza amonia kwenye maji. Wala usizidishe kina. Mchanga mzito usiopitisha maji huoza chini na kutoa harufu ya yai viza.

Valisneria na kriptokorini panda mchangani. Kriptokorini ikiyeyuka majani wiki ya kwanza usiing'oe, mizizi iko hai na itachipua. Anubiasi na Java fern zifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Lile shina nene linalolala ukilifukia litaoza. Taa saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, si zaidi, la sivyo mwani utakutangulia.

Utaratibu: mimea, maji, filta na hita siku moja. Samaki baadaye kabisa. Tia amonia, ambayo ni chakula cha bakteria wanaosafisha maji, mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha pima kila baada ya siku mbili. Siku amonia na nitriti (sumu inayotokana na amonia) zote zitakaposoma sifuri ndani ya saa 24 baada ya kutia amonia, badilisha nusu ya maji, ingiza samaki. Kwa kawaida ni wiki 3 hadi 6. Bila hita bakteria hao watakuchelewesha sana.

Baridi_Kali:
Shukrani sana. Kubadilisha maji kila wiki je, na umeme ukikatika usiku?

Fundi_Vioo:
Ukimwaga lita 20 za digrii 15, tangi linashuka karibu digrii mbili kwa mpigo, na hapo ndipo ugonjwa wa madoa meupe huanza. Changanya kwenye ndoo lita 18 za bomba na lita 2 zilizotoka kuchemka (kwa mwinuko wa Njombe zinachemka kwenye 93 hivi): unapata karibu 23. Tia dawa ya kuondoa klorini humo ndooni. Chomoa hita dakika 20 kabla ya kupunguza maji.

Umeme ukikatika, kinga kubwa ni kutopoteza joto. Mfuniko wa kioo uwepo muda wote, maana joto jingi hutoka na mvuke. Nyuma, pembeni na chini ya tangi weka lile povu gumu jeupe la kwenye boksi la TV. Usiku funika blanketi na usilishe. Chupa ya lita 2 yenye maji ya digrii 80, imefungwa vizuri, ikielea inarudisha digrii moja hivi. Moja kwa saa inatosha.

Anubiasi:
Na pampu ya hewa ya betri iwe tayari. Filta ya nje ikizimika saa nyingi, mwaga maji yaliyolala ndani yake na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena.